Taa Isiyovuja

Mpendwa mdogo wangu Mashoto,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa shemeji yako, na kutoka kwa binti yangu, mwanao, ambaye siku hizi amerefuka mpaka anainama akipita mlango wa jikoni. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile jino ulilolilalamikia katika barua yako ya pili limeshang'olewa au limenyamaza lenyewe. Sisi huku hatujambo. Neno hilo naliandika kwa moyo mweupe kabisa, maana kwa muda mrefu nisingeweza kuliandika bila kukudanganya.

Barua zako zote tatu zilifika. Hakuna iliyopotea wala kuchanwa. Shemeji yako alinisomea kila moja mara mbili, kisha akazitia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Ulisema umeamua kuandika kwa sababu ukinipigia simu nitaikata kabla hujamaliza salamu. Hapo ulinipatia vizuri. Lakini uliyoyafikiria juu ya kimya changu hukuyapatia. Sikuwa nimekununia, na hasira yenyewe iliniisha mapema kuliko nilivyotaka. Mwaka mzima na miezi miwili sikukujibu kwa sababu sikuwa na mkono wa kukujibia.

Utaona mwandiko wangu unapanda na kushuka. Usicheke, au cheka kidogo tu. Ukiendelea utafika mahali ambapo herufi zinabadilika sura kabisa. Usidhani nimempa mtu mwingine kalamu. Soma mpaka mwisho, sababu utaikuta huko.

Wiki saba baada ya wewe kuondoka, niliamka asubuhi nikataka kuvaa shati, mkono wa kulia ukakataa. Sikusikia maumivu yoyote. Ulikuwa umelala kando yangu, nikauinua kwa huu mwingine, nikauachia, ukaanguka. Nikamwita shemeji yako, jina lake likatoka nusu. Alidhani namtania, maana utani wangu wa asubuhi unaujua. Alipogeuka akaona mdomo wangu umekwenda upande, akaacha kucheka. Hospitalini walisema ni kiharusi. Walisema pia nina bahati, neno ambalo siku ile lilinikera sana, ila leo nimelikubali.

Ulipompigia shemeji yako simu mara ile, akakwambia nina kazi nyingi sipatikani, nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka alipokuwa, na kitambaa cha mate shingoni. Ni mimi niliyemkataza asikwambie, na mwanao nilimkataza vilevile. Mama wa watu hajui kusema uongo, alipoweka simu chini alikaa na mimi bila kuniangalia mpaka chakula kikaungua. Msamehe yeye, kosa ni langu. Nilijua ungeacha kila kitu ukaja, na nilijua ungekuja kwa kunihurumia. Baada ya yale niliyokutamkia, sikutaka uje kwa njia hiyo.

Yeye na binti walijitolea kukuandikia kwa niaba yangu, mimi niseme wao waandike. Nikakataa hilo nalo. Siku ile kwenye maktaba ya shule nilisema kwa mdomo wangu na nikanyoosha kidole kwa mkono wangu, kwa hiyo nilijiapia kwamba nikikujibu nitakujibu mwenyewe, au sitakujibu kabisa. Shemeji yako alisema huo ni ukaidi wa kawaida umevaa nguo mpya. Pengine ni kweli, lakini ukaidi huo ndio ulionitoa kitandani, na ndiyo maana leo naushukuru.

Sasa nikusimulie habari ya taa.

Hospitalini walinikabidhi kwa mama mmoja mfupi, mwenye mikono migumu kuliko yangu, ambaye kazi yake ni kurudisha viungo vya watu kazini. Sisi tunamwita Bi Mazoezi. Alinipa mpira laini niuminye. Siku ya tatu niliutupa dirishani kwa mkono mzima. Hakugomba. Alitoka nje, akauokota, akaupangusa, akaniuliza kabla ya kuumwa mikono hii ilikuwa inafanya kazi gani. Nikamwambia, kwa ulimi wangu ule mzito, kwamba imefunga mabomba ya maji miaka thelathini na moja. Akafikiri kidogo, akasema basi mpira tuwaachie watoto, wiki ijayo nije na mabomba.

Unaikumbuka ile ndoo iliyokuwa chini ya meza ya karakana, ambayo wewe uliiita makaburini? Mle mlikuwa na kila kipande cha chuma tulichowahi kukibakiza: elbo za kona, tii za njia tatu, soketi za kuungia, vipande vifupi vyenye hesi, zile nyuzi za kukazia, pande zote mbili. Shemeji yako aliikokota mwenyewe mpaka sebuleni, ikaacha mchirizi wa kutu sakafuni ambao mpaka leo hautoki. Kazi niliyopewa ilikuwa nyepesi kuisikia. Mkono wa kulia ushike kipande, wa kushoto uzungushe kingine ndani yake, kisha vifunguliwe, kisha vifungwe tena. Mkono wa kulia ulikuwa unaachia kila mara. Siku za mwanzo elbo moja ndogo ilinishinda nguvu kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, mimi niliyekuwa nikifunga nyumba nzima kwa siku mbili.

Pale mkono uliposhindwa kabisa, shemeji yako ndiye aliyekuwa jiliwa langu. Alikaa mbele yangu kwenye kigoda, akabana bomba katikati ya magoti na kulishika kwa mikono miwili, mimi nikazungusha. Nikikosea naguna, akichoka anaguna, basi tukagunishana hivyo miezi mitatu. Hakuwahi kuniambia ana kazi nyingine ya kufanya, na kazi nyingine alikuwa nazo nyingi. Namshukuru mwanamke yule, na nimemwambia hivyo kwa maneno mazima, jambo lililomshtua mpaka akaniuliza kama nasikia dalili nyingine.

Siku moja alipita na sahani mkononi, akasimama kuangalia nilichokiunga. Kilikuwa kitako kipana cha chuma chenye matundu manne, juu yake bomba limesimama, juu ya bomba tii, kisha elbo, kipande kifupi, elbo nyingine, na soketi iliyotazama chini. Akasema kinafanana na mimi nikiwa nimekasirika, mgongo umenyooka na kichwa kimeinamia sakafu. Akasema kingekuwa na taa kichwani kingefaa kuliko mwenyewe. Akaenda zake jikoni. Alikuwa anatania, lakini mimi sikulala na utani ule.

Sababu ni hii. Bi Mazoezi alikuwa ameshaanza kunipa kalamu. Ile meza yetu ya pembeni unaijua, na balbu ya pale sebuleni unajua iko katikati ya dari, nyuma ya mgongo wa anayeandika. Kila nilipoinamisha kichwa, kivuli cha mkono wangu mwenyewe kilifunika karatasi, na mkono usioona unakokwenda ulikuwa unazidi kupotea. Nilihitaji taa ya mezani, inayoinama mbele yangu, nzito isiyoangushwa na mtu anayetetemeka. Nikaona nimeshaiunga nusu bila kujua. Kuanzia siku hiyo mazoezi yakawa kazi, na kazi ikawa na mwisho: taa ikiwaka, nakuandikia wewe.

Nilipindua ndoo yote nikachagua vipande upya. Tii ilitoka kwenye nyumba ya kwanza tuliyoifunga sote wawili, ile ambayo mwenye nyumba alifunga mlango akaondoka akitusahau ndani, tukashinda na njaa huku maji tele. Elbo moja ilikuwa ya jikoni kwa marehemu mama. Koki ndogo ya shaba ilikuwa imetoka kwenye kisima cha yule jirani bahili, nikaiweka ubavuni pawe mahali pa kushikia. Nilisugua kutu kwa msasa, wa kushoto ukisugua na wa kulia ukishika, mpaka chuma kikaonyesha rangi yake. Mwanao alinunua holda ya balbu, waya na swichi kwa kunifichia, akavikunja kwenye gazeti, akaviweka juu ya meza akaenda zake. Alijua ningebisha.

Nikafunga taa nzima, nikaikaza kisawasawa. Nilikuwa na raha sana siku hiyo. Nilipotaka kupitisha waya kuanzia chini, ukafika elbo ya kwanza ukagoma. Nikausukuma, ukajikunja. Nikauvuta, ukakwama. Hapo nikamwita Fundi Umeme, huyu jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye kwa miaka yote nimemtania kwamba watu wa waya ni waoga wa maji hata ya kuoga. Alikuja akiwa amevaa ndala, akaizunguka taa mara mbili, akaniuliza waya ningeupitisha saa ngapi. Nikasema sasa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kwa upole wa mtu anayelipiza kisasi kwamba maji yana akili ya kupita yenyewe kwenye kona, lakini waya unapitishwa kipande kwa kipande wakati wa kuunga. Kwa hiyo taa yote ifunguliwe.

Tukaanza kufungua. Alipotoa elbo ya juu akaona nyuzi za hesi zimejaa tepu nyeupe. Akafungua kiungo cha pili, tepu. Cha tatu, tepu. Nilikuwa nimezungushia tepu kila kiungo, mdogo wangu, kama tunavyofanya kwenye mabomba ili maji yasivuje, bila hata kufikiri.

"Mzee mwenzangu," akaniambia, "uliogopa umeme utavuja?"

Shemeji yako alitoka jikoni kuja kucheka vizuri. Nami nilicheka, kwa mara ya kwanza kwa sauti yangu ya zamani. Alipomaliza, Fundi Umeme akanieleza kwa makini kwamba hilo si la kucheka tu. Kuna waya wa usalama, ule unaoshikishwa kwenye kitako ili umeme ukipotea ukagusa chuma uende ardhini usimpite mtu. Ili waya huo ufanye kazi yake, chuma lazima kibane chuma kuanzia kichwani mpaka kitakoni. Tepu ikikaa katikati inaweza kuvitenganisha, na mtu akashika taa mahali pabaya. Akasema nitoe tepu yote, nisugue nyuzi, niunge vikavu. Namshukuru sana. Nimemtania miaka, na siku aliyopata nafasi ya kuniacha nijiumize hakuitumia.

Ndipo akauliza swali moja, bila nia yoyote. Alikuwa ameshika elbo ya kwa mama. Akaniuliza kama tepu ya mabomba ndivyo inavyokaa, maana kwenye kila kiungo ilikuwa imejikunjakunja, imesukumwa nje ya nyuzi, imekaa ukingoni kama ukosi wa shati lililovaliwa wiki nzima. Nikataka kumjibu kwamba haikai hivyo. Badala yake nikaichukua elbo mkononi mwake, nikaisogeza karibu na macho.

Nilikuwa nimeshaiona tepu ya namna hiyo mara moja tu maishani mwangu. Niliiona siku ile kwenye maktaba.

Nisikupitishe mbali. Shule ilikuwa imefungwa wiki mbili, kiungo kilichokuwa juu ya dari kikavuja pole pole siku zote hizo, ubao wa dari ukaanguka, vitabu vya watoto vikalowa rafu nne. Tulipofika, vilikuwa vimeanikwa uwanjani kwenye kamba, vimebanwa kwa vibanio vya nguo. Kazi ile ulikuwa umeifunga peke yako, mara ya kwanza mimi kukuachia viungo. Miaka yote ya nyuma wewe ulikata mabomba, ukachonga hesi, ukachimba, ukapanda juu ya dari, lakini kufunga viungo ilikuwa kazi yangu, sikumpa mtu. Nilikifungua kiungo kile mbele ya mwalimu mkuu, mwalimu wa maktaba, mpishi na mlinzi, nikaona tepu imejikunja nje ya nyuzi, nikakiinua juu watu wote wakione. Maneno niliyoyasema unayakumbuka. Nayaandika hapa ili ujue nami nayakumbuka.

"Mkono huo haufai kushika kazi ya watu. Kashike kitu kingine."

Ukaweka spana ya bomba chini, taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Ukaondoka. Na katika kila barua uliyoniletea umeniomba radhi kwa aibu uliyonitia.

Fundi Umeme alipokwenda kunywa chai, nilibaki na elbo ile na kipande cha bomba. Nikatoa tepu mpya. Mkono wa kulia ukashika bomba, wa kushoto ukachukua tepu, nikafanya kama nilivyofanya siku zote, na kama nilivyokufundisha wewe siku yako ya kwanza karakana, mimi nimesimama nyuma yako nikikusemesha: mbali na tumbo, mbali na tumbo. Ndivyo nilivyofundishwa na mimi. Tepu ipite juu ya bomba ikielekea mbele, iondoke kwenye mwili wako. Nikaifanya mara nne, polepole. Nikakaza elbo. Tepu ikajikunja ikatoka nje.

Nikarudia kwa kuivuta kuelekea tumboni. Nikakaza. Ikaingia ndani ya nyuzi ikatulia.

Mdogo wangu, sheria ile ni ya mtu wa mkono wa kulia. Mtu wa kulia anashika bomba kwa kushoto, mdomo wa bomba unatazama kulia, na tepu ikienda mbali na tumbo inazunguka upande uleule kiungo kinakokazwa. Mtu wa mashoto bomba lake linatazama upande wa pili. Akitii sheria hiyohiyo, tepu inazunguka kinyume, na kiungo kinapokazwa kinaifukuza badala ya kuimeza. Ni jambo dogo kiasi hicho. Miaka thelathini na moja sikulijua, kwa sababu sikuwahi kufanya kazi kwa mkono wako.

Na kuna jambo lingine nililolikumbuka nikiwa nimekaa pale, ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Siku ile ya kwanza uliniuliza. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, umeshika tepu, ukaniambia, kaka, mimi mkono wangu ni mwingine, nizungushe vipi? Nami nilikuwa na haraka, nikakujibu bila kukutazama kwamba ufuate ninavyofanya. Ukafuata nilivyofanya. Siku ulipopewa kiungo ukafanya sawasawa na nilivyokuagiza, hukupunguza wala hukuongeza. Kosa la maktaba ni langu, lilianza siku hiyo, na nimekubebesha wewe mbele za watu.

Nisamehe. Nimelizungusha neno hilo siku nyingi nikitafuta la kuliongezea, nimekosa. Nisamehe, mdogo wangu.

Nilipomweleza shemeji yako, alifuta mikono, akasema basi sasa tengeneza bomba la uani, tuone. Lile la kufulia lilikuwa linadondosha tangu niugue, na sikutaka kumwita fundi mwingine kwa aibu. Akanishikia bomba. Nikazungusha tepu kwa mkono wa kushoto kuelekea tumboni, nikafunga, tukafungulia maji. Tukaketi kwenye ukingo wa karo nusu saa tukisubiri tone. Halikutoka. Kiungo hicho ni cha kwanza cha maji kukifunga tangu niugue, na ni cha mashoto.

Nikaona haitoshi kukuambia wewe peke yako, maana sikukutukana tukiwa peke yetu. Jumatatu iliyofuata nilishika fimbo yangu nikaenda shuleni. Ni mwendo wa robo saa, mimi nilitumia karibu saa nzima, nikapumzika mara tatu. Nilimwomba mwalimu mkuu aniitie waliokuwapo siku ile. Mpishi alikuja na mwiko mkononi. Nikawaeleza, nikiwa nimeshika bomba na tepu ili waone kwa macho, kwamba fundi aliyekosea ni mimi, na kwamba yule kijana alifanya alichofundishwa. Mlinzi akaomba nirudie, alikuwa hajaelewa upande upi ni upi. Nikarudia. Afadhali aliomba, maana mara ya pili nilisema bila kutetemeka.

Hapo mwalimu wa maktaba akaniambia jambo ambalo hukuliandika katika barua hata moja. Akasema baada ya siku ile ulirudi. Ulirudi siku nne mfululizo, kabla ya kuhama, ukakaa uwanjani na yeye kugeuza vitabu ukurasa kwa ukurasa visigandane, ukiweka karatasi kavu katikati. Alikuuliza kama kaka yako anajua uko pale, ukamwambia huo ni ugomvi wa nyumbani, vitabu havihusiki. Akanionyesha rafu. Zaidi ya nusu vilipona. Vimevimba kidogo, lakini watoto wanavisoma.

Nilikaa kwenye kiti kidogo cha watoto mle ndani, nikalia. Nakuambia ili usije ukaambiwa na mpishi, ambaye ataongeza chumvi. Asante, Mashoto. Kwa siku zile nne, na kwa kuendelea kuniandikia kaka yako wakati kaka yako hakustahili hata bahasha.

Taa iliwaka Jumamosi iliyopita. Niliiunga upya bila tepu, waya ukipita kipande kwa kipande, chuma kikibana chuma. Fundi Umeme akapima kila kiungo kwa kijisanduku chake, akashika waya wa usalama akauvuta kwa nguvu kuhakikisha, kisha akaniachia mimi niwashe. Kulikuwa na mvua mchana ule na chumba kilikuwa na giza. Nilibonyeza swichi, mwanga ukaangukia meza, mkono wangu ukawa hauna kivuli mbele yake. Bi Mazoezi nilimpelekea salamu, akasema anataka taa kama hiyo na yeye, nimeshamtengea elbo mbili.

Sasa kuhusu wewe. Sikuiti urudi. Umeandika kwamba duka la rangi wanakupenda, kwamba umejifunza kuchanganya rangi kwa jicho bila kupima, na nafurahi kwa hilo kweli kweli. Ukibaki huko, baki ukijua kwamba mkono wako haukuwahi kuwa na kosa, na mtu akikuuliza kwa nini uliacha mabomba mwambie mwalimu wako alikuwa hajui kufundisha. Lakini ukitaka kuja, hata kwa siku mbili, kuna jambo moja nimelifanya karakana. Ule msumari wa kutundikia spana ulikuwa upande wa kulia wa mlango, na miaka yote wewe ulikuwa unavuka mkono kuifikia. Nimeuhamishia kushoto. Spana yako nimeipaka mafuta na kuitundika pale, hakuna aliyeitumia.

Shemeji yako anasema ukija usilete zawadi, lete tumbo. Mwanao anauliza kama baba mdogo anaweza kumchanganyia rangi ya chumba chake, ametaja rangi ambayo mimi siijui jina. Fundi Umeme anakusalimu, anasema amechoka kumcheka mtu mmoja.

Kuhusu mwandiko, nilikuahidi nitakueleza. Kuanzia salamu mpaka pale Fundi Umeme alipouliza juu ya tepu, nimeandika kwa mkono wa kulia, na kwa hilo namshukuru Mungu na Bi Mazoezi. Hapo ukachoka. Ningeweza kuupumzisha nikamalizia kesho, lakini nilitazama kilichobaki kuandikwa nikaona kinastahili mkono mwingine. Yote uliyoyasoma baada ya hapo, pamoja na kukuomba msamaha, nimeyaandika kwa mkono wa kushoto, nikifuata unavyofanya wewe.

Kaa salama, na jino hilo usiliache.

Ni mimi kaka yako,
Fundi wa mashoto, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.